Titans wa Ruiru: timu ya chuo huzaliwa vipi, na mzazi wa Pwani aulize nini

Mzazi wa Pwani mwenye mwana mrefu, anayeshinda uwanjani akidunda mpira kuliko kushika daftari, huenda siku moja akaletewa habari kwamba kuna chuo bara kitamsomesha kijana kwa sababu ya kikapu. Furaha huja kwanza, maswali baadaye. Makala haya ni ya kumsaidia mzazi huyo, na kijana mwenyewe, aelewe timu za namna hiyo zimetoka wapi na zinaendeshwa vipi. Tutaitazama zaidi ile ya Ruiru, Zetech University Titans.

Wengi wetu Ruiru tunaipita tu tukielekea Thika. Zamani jina hilo lilikuwa la kahawa: mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipata jina kutokana na kituo cha utafiti cha hapo. Leo mashamba mengi yamegeuka nyumba za kupanga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ndiyo iliyoharakisha mambo. Na barabara hiyohiyo imejaa vyuo. Ukitoka Nairobi unakutana na USIU upande wa Roysambu, kisha Kenyatta University kule Kahawa, Zetech upande wa Ruiru, JKUAT Juja, na mwisho Mount Kenya University mjini Thika.

Zetech haikuanza kama chuo kikuu. Ilianza mwaka 1999 ikiwa chuo cha kawaida jijini Nairobi, na mwaka 2014 ndipo ikapata idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu. Hapo ndipo sababu ya timu inapoonekana. Chuo kipya cha binafsi hakina wazee waliosoma hapo wakawa mawaziri, wala jina la miaka hamsini. Kinaishi kwa karo, na ili kipate wanafunzi lazima kijulikane. Timu inayocheza ligi ya taifa hutajwa magazetini kila wiki, na jina la chuo limo ndani ya jina la timu. Hilo ni tangazo, na si vibaya kulisema hivyo, maana kijana naye anapata masomo.

Mchezo wenyewe ulizaliwa shuleni. Desemba 1891, mwalimu James Naismith wa Springfield, Marekani, alitakiwa kuwatafutia wanafunzi wake mchezo wa ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu vya matunda ukutani, akaandika kanuni 13. Pete ya leo bado iko mita 3.05 kutoka ardhini.

Hapa Kenya, kumbukumbu kubwa ya wanaume iko kandokando ya barabara hiyohiyo ya Thika. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika. Angola ilichukua kombe na Kenya ikamaliza ya nne. Kisha ukaja ukame wa miaka 28. Timu ya taifa ilirudi kwenye mashindano hayo mwaka 2021 mjini Kigali, baada ya Tylor Ongwae kufunga dakika ikiisha na kuiangusha Angola 74 kwa 73 katika mechi za kufuzu. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya klabu za Afrika. Sasa kijana wa chuo anayecheza vizuri ana mahali pa kutazama mbele. Miaka kumi nyuma hapakuwapo.

Titans wanaingia wapi katika hayo? Timu ya chuo hapa kwetu ina milango miwili. Wa kwanza ni michezo ya vyuo vikuu, wanafunzi kwa wanafunzi. Wa pili ni ligi ya KBF, shirikisho la mpira wa kikapu nchini, ambako chuo hukutana na watu wazima. Huko wako Ulinzi Warriors wa jeshi, Equity Dumas wa benki, Thunder, na wetu wenyewe wa bandari, KPA, wanaotumia ukumbi wa Makande. Strathmore Blades na USIU Tigers waliupita mlango huu kabla, na Titans wakafuata njia hiyo. Chuo kina timu ya wanawake pia, Zetech Sparks, na haki isemwe: jina la dada hao limevuma kuliko la kaka zao.

Kwa nini wanaume wa chuo hutaabika zaidi? Mechi ni dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi. Mchezaji akifikisha makosa matano anatoka na harudi. Kwa hiyo mechi huamuliwa mara nyingi na walioketi benchi, si watano walioanza. Timu ya jeshi au ya bandari inaweza kukaa na wachezaji walewale miaka minane au kumi, kwa sababu ni waajiriwa. Wanajuana hata kwa kutazamana. Timu ya chuo huwa na mchezaji miaka minne hivi: wa kwanza anajifunza, wa pili anazoea, wa tatu anaiva, wa nne anafikiria mitihani na kazi. Akivaa joho, kocha anaanza upya na mtoto aliyetoka sekondari. Ndiyo maana historia ya timu ya chuo haipandi moja kwa moja kama ngazi. Hupanda na kushuka pamoja na darasa lililopo.

Kwa mzazi, hapa ndipo penye jambo. Miaka minne ya uwanjani ikiisha, kitakachobaki mkononi mwa kijana ni cheti. Kwa hiyo, kabla ya kumpandisha treni, uliza na ujibiwe kwa maandishi. Ufadhili ni wa karo yote au nusu? Chumba na chakula vimo? Ni wa mwaka mmoja unaorudiwa, au mpaka amalize? Akivunjika goti mwaka wa pili, anaendelea kusoma au anarudishwa nyumbani? Alama za darasani zikishuka, nini hutokea? Mechi ikigongana na mtihani, nani anampa nafasi ya kuurudia? Mwenye nia njema hataona haya kukuandikia majibu.

Sisi wa Pwani nasi tujiulize. Technical University of Mombasa na Pwani University ya Kilifi zote zilipata hati ya chuo kikuu mwanzoni mwa 2013, kabla Zetech haijapewa hata ile idhini ya muda. Viwanja tunavyo, vijana tunao, na KPA wanaonyesha kila msimu kwamba timu ya Mombasa inaweza kusimama na Nairobi. Lakini bandari ni mwajiri mmoja, na nafasi zake zina mwisho. Kati ya shule ya sekondari na KPA pana pengo la miaka minne, na pengo hilo ndilo chuo cha Ruiru kinalijaza kwa vijana wake. Kaunti, vyuo na bandari wakikaa mkeka mmoja, ufadhili wa wachezaji 12 tu, yaani kikosi kimoja cha mechi, si mzigo wa kuwashinda.

Anayetaka kwenda Ruiru aende kwa heri, na awe na barua yake mkononi. Lakini kijana wa Tudor au Malindi asiwe na njia moja tu, ile ya kuliacha bahari.