Je, Wajua? Mwizi wa Mali ya Umma Hasafiri Peke Yake

Mkulima wa alizeti wa Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida, hulipa kodi kila anaponunua sukari, sabuni au vocha. Fedha hizo zikiibwa na kupelekwa ng'ambo, kuna watu wenye vyeti vyao waliozivusha: mwanabenki, wakili, mhasibu na wakala.

Je, wajua kwamba Tanzania ilipokopa dola milioni 600 mwaka 2013 kupitia Standard Bank ya London na Stanbic Tanzania, ada ilikuwa asilimia 2.4? Asilimia 1, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa EGMA, kampuni ya Dar es Salaam, na hakukuonekana ushahidi wa kazi yoyote iliyofanya. Mwenyekiti wake alikuwa ndiye Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya dola hizo ilitolewa taslimu ndani ya siku chache, na waliotilia shaka ni wafanyakazi wa Stanbic wenyewe? Tarehe 30 Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano: Standard Bank ilipe faini ya dola milioni 16.8, irejeshe faida yake ya dola milioni 8.4, na iilipe Tanzania fidia ya takriban dola milioni 7.

Je, wajua kwamba Tanzania iliponunua rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, wakala alilipwa takriban dola milioni 12.4? Asilimia 97 ilipitia Red Diamond, kampuni iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza.

Je, wajua kwamba mwaka 2010 BAE ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu? Haikushtakiwa kwa rushwa. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa Tanzania kununulia vitabu na madawati ya shule za msingi.

Je, wajua kwamba benki ya FBME ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, lakini zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake ilifanyika Cyprus? Mwaka 2014 Marekani iliitaja kuwa benki inayotia wasiwasi mkubwa wa utakatishaji fedha. Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Mei 2017.

Je, wajua kwamba nyaraka milioni 11.5 kuhusu kampuni za mfukoni, zilizopo kwenye karatasi tu, zilizovuja mwaka 2016 zilitoka katika kampuni moja tu ya mawakili, Mossack Fonseca ya Panama? Kampuni za mfukoni hazijiundi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2022 kampuni ya kigeni iliweza kumiliki nyumba London bila kumtaja binadamu aliye nyuma yake? Uingereza ilipitisha sheria ya kuwafichua wamiliki hao baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo muswada wa kuwabana mawakili, wahasibu na waunda kampuni wa Marekani ulikwama katika Seneti?

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2020 sheria ya Tanzania inazitaka kampuni ziwataje kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wamiliki manufaa wake, yaani binadamu halisi wanaofaidika?

Je, wajua kwamba Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025?

Nchi zinazotuhubiria utawala bora ndizo zenye benki, mahakama na nyumba ambamo mali yetu hufichwa, na wanaoificha wanalipwa ada halali. Wabanwe kama anavyobanwa mwizi. Nawe msomaji wa Mwankoko, kampuni ikipewa zabuni ya barabara au kisima chako, simama mkutanoni umuulize diwani: mwenye kampuni hii ni nani?