Vitisho Vyenye Bei

Juma lililopita niliahidi kutaja riwaya moja ya kutisha ambayo msomaji ataicheka mpaka ajionee haya. Ni The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, Myoruba wa Abeokuta, Nigeria, iliyochapishwa London mwaka 1952.

Msimuliaji ni mlevi asiyejua kazi nyingine. Baba yake amempa shamba lenye miti 560,000 ya kugema, na mgema wa kumhudumia. Asubuhi hunywa vibuyu 150, jioni 75. Siku moja mgema anaanguka kutoka juu ya mti na kufa. (Huyu alisifiwa kila siku na tembo hakulitia maji.) Walevi wenzake wanaacha kuja, naye anafunga safari kumfuata marehemu huko wanakoishi wafu.

Njiani ndipo mambo yanapokolea. Binti mmoja aliyekataa kila mchumba anamwona sokoni bwana mzuri ajabu, anamfuata mpaka msituni. Kule bwana anaanza kurudisha viungo alivyokodi: mguu wa kushoto kwa mwenyewe, analipa kodi, mguu wa kulia, analipa, kisha tumbo, mbavu, mikono, shingo. Mwishowe limebaki fuvu tupu, linamkimbiza binti kwa kurukaruka. Mlevi wetu, aliyetumwa kumtafuta binti, anapomwona bwana huyo sokoni analia kwa wivu, kisha anakumbuka kwamba ni fuvu tu, anamshukuru Mungu.

Mimi naona siri ya Tutuola imo katika zile kodi. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali ya kikoloni Lagos, na mazimwi wake nao wana hesabu zao, hawadai wala hawadaiwi. Kabla ya kuingia ndani ya mti mmoja mkubwa, mlevi na mkewe, yule binti aliyemwokoa, wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6. Hofu hawaiuzi, wanaikopesha, kwa faida ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Wakitoka wanarudishiwa hofu, lakini kifo kimeshauzwa. Basi wanaendelea na safari wakitetemeka kwa yale yasiyoweza kuwaua. Sijasoma kwingine kitisho kilichopangwa kwa akili hivyo.

Mshairi Dylan Thomas alikisifu kitabu hiki mara kilipotoka. Baadhi ya wasomi wa Nigeria walikasirika, wakidai Kiingereza chake kibovu kinawaaibisha. Kweli hakifuati sarufi, lakini kukinyoosha ni kukitoa roho.

Kitabu kina kasoro: katikati viumbe wanafuatana kama foleni ya basi, na wengine hawana la maana. Waruke. Usimruke mtoto aliyezaliwa kidoleni, wala mji ambako wafu hutembea kinyumenyume na humkasirikia anayetembea kwenda mbele.

Juma lijalo: D. O. Fagunwa, aliyekwisha kuwaandika viumbe wa msituni kwa Kiyoruba mwaka 1938.