Ua la Tarumbeta

Wengi mmetuuliza juu ya ule mti wenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, ambao harufu yake huzidi wakati wa Maghrib. Wataalamu huuita Brugmansia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes, ndiyo maana unapenda ubaridi wa Songea kuliko joto la pwani.

Kuupanda ni rahisi. Mvua za Desemba zikianza, kata tawi lililokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 20 hivi, ulichomeke kwenye udongo wenye samadi, penye kivuli cha mchana. Kiangazi usiache kuumwagilia, kwani majani yake mapana hunyauka upesi.

Ila tusifichane: mti huu ni sumu, tangu mzizi hadi mbegu. Ni wa ukoo mmoja na tumbaku, na jamaa wa karibu wa mranaha. Aliyeutafuna hukauka mdomo, moyo humwenda mbio, huweweseka, na anaweza kufa. Hata ukiukata kisha ukajifikicha jicho, mboni hupanuka ukaona ukungu. Nawa kwa sabuni.

Sisi tuliupanda kwanza karibu na birika la udhu. Maua yakadondokea majini, na wadogo zetu wakayapuliza kama tarumbeta kweli! Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika. Tukauhamishia nyuma ya ukuta, mbali na watoto na mbuzi. Mtoto akiula, msingoje dalili: mkimbizeni hospitali, na tawi lake mlichukue daktari alione.