Bawabu wa Kioo na Ujira Wake

Alfajiri ya mwezi wa Julai katika Giakanja, huko Nyeri nchini Kenya, wakati ukungu ushukao kutoka milima ya Nyandarua haujaondoka na majani ya kahawa yangali yamelemewa na umande, si ajabu kumwona mtu mzima mwenye heshima zake, amevaa koti zito na kofia ya sufu, akiwaomba vijana wapitao wamsaidie kulisukuma gari ambalo jana jioni lilimfikisha nyumbani bila ya ila yoyote. Ukimuuliza kisa, yamkini atakuonyesha kitu kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele: kamera, aliyoinunua ili imlindie gari usiku. Kamera imeifanya kazi yake kwa uaminifu, imemnakili kila paka aliyekatiza uani. Walakini imekula akiba yote iliyokuwamo ndani ya betri, na asubuhi injini haikusaziwa hata tonge la kuiamsha. Tena kama gari lenyewe ni la gia otomatiki, hata hao vijana hawamfai kitu.

Haja ya kamera hiyo haina shaka. Gari linapoegeshwa kando ya barabara mjini Nyeri, au karibu na soko la Karatina siku ya msongamano, huwa limeachwa katika amana ya watu asiowajua mwenyewe: huyu hulikwaruza kwa bampa akirudi nyuma, kisha akaenda zake, yule hung'oa kioo cha pembeni na kukiuza kabla mwenye gari hajamaliza kupimiwa viazi. Ushahidi wa macho ni haba, na hata ukipatikana huwa na ubishi, ilhali picha haisahau wala haioni haya. Ulimwengu ulipata kuijua nguvu ya kamera za magari tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipopasuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi, zikakinasa kwa wingi. Lakini kamera ya gari liendalo hulishwa na injini. Ya gari lililolala mas'ala yake ni mengine: nani atailisha mpaka kuche?

Kulijibu swali hilo yatupasa kwanza tuijue betri. Tangu mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, ikawaokoa madereva na adha ya kuzungusha injini kwa mtaimbo, betri ya gari imekuwa na kazi moja kubwa kupita zote: kutoa umeme mwingi mno, mamia ya ampea, kwa sekunde chache, kisha kupumzika na kurudishiwa kilichotumika na alteneta maadamu injini inanguruma. Ndiyo sababu vibao vya risasi vilivyozamishwa katika asidi ndani yake ni vingi na vyembamba. Kuitaka betri ya namna hii ikeshe ikitoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, siku nenda siku rudi, ni kuitwika mzigo isioumbiwa. Na ikishuka sana kisha ikaachwa hivyo, salfeti ya risasi huganda juu ya vile vibao ikawa ngumu, na sehemu ya uwezo wake ikapotea isirudi tena.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Gari dogo, kama zile Probox zijazazo barabara za Nyeri, aghalabu hubeba betri ya kadiri ya ampea-saa 45, yaani, kwa kukisia, ampea moja kwa muda wa saa 45 hata iishe kabisa. Kamera ya jicho moja hula takriban ampea 0.3, ya macho mawili, la mbele na la nyuma, takriban 0.5. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, hiyo ya macho mawili itatumia ampea-saa 6, na betri nzima hustahimili kiasi hicho bila ya taabu. Lakini mtu akiliegesha gari Ijumaa jioni asiliguse mpaka Jumatatu asubuhi, saa 60 zitakuwa zimepita na ampea-saa 30 zimekwenda, theluthi mbili za akiba yote. Bandu bandu huisha gogo.

Na Giakanja ina mambo mawili yaizidishayo uzito hesabu hiyo. La kwanza ni baridi. Joto la pwani huifupishia betri umri wake polepole, lakini baridi ya nchi hizi, zilizo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ndiyo huifichua aibu yake: hupunguza kasi ya kemia iliyomo ndani, na papo hapo huifanya oili ya injini kuwa nzito, hata betri ikadaiwa zaidi saa ile ile ambayo ina kidogo cha kutoa. La pili ni ufupi wa safari. Atokaye Giakanja kwenda mjini Nyeri na kurudi hukaa njiani muda mchache tu, taa amewasha kwa sababu ya ukungu na feni inavuma kuondoa mvuke kiooni. Alteneta haipati nafasi ya kulipa deni la usiku, na deni lisilolipwa leo huunganishwa na la kesho.

Njia za kuilisha kamera ni nne, wala hazilingani kwa ubora. Iliyo rahisi ni kuichomeka katika tundu la kuwashia sigara. Lakini katika magari mengi ya Kijapani tundu hilo hufa ufunguo ukitolewa, na bawabu akalala pamoja na mwajiri wake. Na katika magari ambayo halifi, hakuna wa kuiambia kamera kwamba imekwisha shiba.

Ya pili ni kifaa cha waya tatu, nacho hufungwa na fundi wa umeme wa magari. Waya mmoja huunganishwa na fyuzi iliyo na umeme daima. Wa pili na fyuzi iamkayo pamoja na ufunguo, ili kamera itambue kama gari limeegeshwa au liko safarini. Wa tatu hukazwa kwenye chuma cha bodi. Kifaa hiki huzishusha volti 12 za gari kuwa volti 5 za kamera, na fauka ya hayo kina kinga iukatayo umeme betri inaposhuka kufikia kiwango ulichokichagua. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Wengi huiacha kinga katika 11.8 ili kamera ikeshe zaidi, nao ndio wasukumao magari asubuhi.

Ya tatu ni betri ya pekee ya lithiamu na fosfeti ya chuma, iwekwayo chini ya kiti, ijazwayo gari liendapo na kuilisha kamera usiku pasipo kuigusa betri kubwa. Hii ndiyo bora, illa bei yake si ya kila mfuko, nayo vilevile hudai safari ya kutosha ili ijae. Ya nne ni kibao cha jua juu ya dashibodi. Lakini kuanzia Juni hata Agosti, jua la Nyeri laweza kujificha nyuma ya mawingu siku nzima, na mlinzi alishwaye na jua atashinda njaa.

Njia yoyote itakayofuatwa, matumizi yaweza kupunguzwa kwa kuiagiza kamera isinakili mfululizo, bali iamke gari linapotikiswa. Na fundi akiwa kazini, asiibe umeme katika fyuzi ya mifuko ya hewa, wala asipitishe waya mbele ya mifuko hiyo, kwani siku ya ajali waya huo waweza kuwa kizuizi baina yako na uhai.

Picha nayo ina adabu zake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, hutaka rekodi ya kielektroniki ipelekwayo mahakamani ifuatane na hati ya kuithibitisha. Basi faili ya asili isikatwe wala kufutwa. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humwachia mtu matumizi yaliyo ya binafsi tu, si kuwatandaza jirani zake hadharani kwa kuwa walipita mbele ya gari lake.

Alhasili, kabla hujanunua kamera, ipeleke betri yako ikapimwe, na ikiwa kuukuu, anza kwa kuibadilisha hiyo. Kisha funga kifaa chenye kinga, uiweke katika volti 12.2 au 12.4, na siku ambazo gari halitatoka, ichomoe kamera kabisa. Afadhali bawabu asinzie saa mbili kabla ya alfajiri kuliko gari likatae kuwaka siku unayompeleka mgonjwa hospitali.