UZI: "Fungeni TikTok!" Sawa, lakini ni kijana gani tunamwokoa?

1/ Hakuna mkutano wa siasa unaoisha bila mtu kusema simu imeharibu vijana, TikTok ifungwe. Watu wanapiga makofi, hoja inaishia hapo. Leo tuifungue kidogo. Msichana na mvulana hawaumizwi na simu kwa njia moja, na hilo hakuna anayelisema jukwaani.

2/ Kumbukumbu kwanza. Agosti 2023 ombi la kupiga marufuku TikTok lilifika Bunge la Taifa. Mwaka uliofuata kamati ya Bunge ilikataa marufuku, ikataka udhibiti zaidi. Australia wao waliamua: tangu 10 Desemba 2025, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Kwa hivyo jueni 2027 ikikaribia, hii stori itarudi.

3/ Shida ni nini hasa? Kukaa mtandaoni saa nyingi peke yake si ugonjwa. Shida ni pale kijana anashindwa kuacha hata akiona usingizi, masomo au pesa zinaenda.

4/ Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti 2024 kuhusu vijana karibu 280,000 wa miaka 11, 13 na 15, kutoka Ulaya, Asia ya Kati na Canada. Walionaswa na mitandao ya kijamii: wasichana 13%, wavulana 9%. Walio hatarini kwa michezo ya video: wavulana 16%, wasichana 7%. Ni takwimu za kwao, si zetu. Lakini njoo Kamenu uone kama huo mgawanyiko hutautambua.

5/ Hapa mtaani mvulana akiinamia simu, mara nyingi ni gemu au beti. Ule mchezo wa kandege kanapanda na pesa inapanda nayo, usipotoa kabla hakajaruka, umeliwa. Sheria inasema kamari ni miaka 18 kwenda juu. Lakini laini ni ya mama, M-Pesa ni ya mama, na mtoto anajua PIN.

6/ Binamu yangu wa Form Three alikula pesa ya karo hivyo, mia mia, wiki tatu. Tulijua siku alipofukuzwa shule. TikTok hata hakuwa nayo.

7/ Msichana je? Yake haionekani. Yuko nyumbani, ametulia, wazazi wanamsifu. Kumbe usiku anahesabu laiki, anajilinganisha na sura zilizopakwa filta, au kuna mtu anamtishia: tuma pesa la sivyo picha zako zinasambaa.

8/ Sasa angalia dawa yetu ya kawaida: nyang'anya simu. Mvulana ataazima ya rafiki. Msichana atajifunza kwamba akisema anatishwa, yeye ndiye ataadhibiwa. Atanyamaza. Na anayemtishia anategemea huo ukimya.

9/ Sheria tunazo. Ile ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inafanya kusambaza picha za ngono za mtoto kuwa kosa la jinai. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Kazi iliyobaki ni utekelezaji, na huo haupigiwi makofi.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu na "tufunge TikTok", muulize matatu:
– Kampuni ya beti itajuaje aliyeshika simu ana miaka 15?
– Msichana akitishwa, kituo cha polisi cha karibu kina afisa wa kumsikiliza bila kumuaibisha?
– Shule ina mshauri mwenye muda, ama ni mwalimu wa hesabu amebandikwa cheo?

Akikosa majibu, hana sera, ana kelele tu.

11/ Na kama ni wewe au mdogo wako yuko kwa hiyo hali leo, piga 116. Ni bure, ni laini ya kusaidia watoto. Usingoje uchaguzi.

Mwisho wa uzi. Mnaopinga, karibuni hapa chini, lakini mje na hoja.