Betri Ifayo Usiku: Namna ya Kumtafuta Mwizi wa Umeme

Wenye motokaa kuukuu wengi wameona ajabu hii. Jioni gari lalazwa likiwa zima, na asubuhi stata ikipigwa haitoi hata sauti. Betri ikichajiwa, gari lawaka vizuri siku tatu au nne, kisha yafa tena bila sababu ya kuonekana. Mwenye gari hununua betri mpya, na baada ya juma moja hujikuta pale pale alipokuwa. Fedha zimekwisha, na maziwa yameharibika kabla ya kufika sokoni.

Basi, kabla ya kununua, yafaa kujua mkosaji ni nani. Chaji betri mpaka ijae, uiache saa kadhaa, kisha uipime: betri nzima ya volti 12 huonyesha karibu 12.6. Fungua waya uendao kwenye mwili wa gari na uiache hivyo usiku kucha. Ikiwa asubuhi imekufa hali haikufungwa na kitu, betri yenyewe ni mbovu. Ikiwa nzima, ifunge, washa injini na ukanyage mafuta kidogo. Mita yapasa kupanda hadi volti 14 hivi. Isipopanda, dinamo au alteneta haiijazi betri. Yote mawili yakiwa sawa, ndipo ujue kuna kitu kinachokunywa umeme gari likiwa limelala.

Kitu hicho hupimwa kwa mita ya ampea. Zima kila kitu na ufunge milango. Ncha moja ya mita iguse betri, na ya pili iguse ule waya wa mwili wa gari. Zikiisha kushikana, ndipo uutoe waya katika betri. Utaratibu huu una maana, kwa kuwa umeme ukikatika hata kidogo, rilei iliyonata huweza kuachia, na dalili yote ikapotea. Usipige stata wala usiwashe taa kubwa mita ikiwa hapo, isije ikaungua.

Gari la zamani lenye saa na redio halipasi kula zaidi ya sehemu 50 katika 1,000 za ampea moja. Balbu ndogo ya wati 5 hula karibu ampea 0.4. Betri ya ampea-saa 60 ingekauka kwa siku sita, na stata ingeshindwa mapema zaidi.

Lakini mwizi huyu haji kila usiku. Ukipima mara moja na kuona sifuri, usidhani umepona. Pima mara tu baada ya safari, injini ingali moto. Pima tena usiku, na tena baada ya mvua. Andika katika daftari kila siku betri inapokufa, na yaliyofanyika jana yake. Ikifa baada ya mvua, shuku maji katika swichi na viungo vya waya. Ikifa baada ya barabara mbaya, shuku waya uliochubuka unaogusa chuma. Ikifa baada ya kupakia mizigo, tazama taa ya buti.

Siku mita itakapoonyesha umeme mwingi, usiharakishe kufungua milango. Kwanza gusa polepole rilei, dinamo na katauti yake: kilicho na joto katika gari lililolala tangu jioni kimejitaja chenyewe. Kisha chomoa fyuzi moja moja. Mita ikishuka, mwizi yumo katika njia ya fyuzi hiyo. Isiposhuka kwa yoyote, mtafute katika nyaya zisizo na fyuzi, yaani za dinamo, stata na swichi ya ufunguo.

Jihadhari: betri hutoa hewa inayoshika moto, basi usivute sigara karibu nayo, na uvue pete na saa ya chuma.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini betri haiwezi kungoja zote. Kila iachwapo tupu hudhoofika. Kwa hiyo, usiku ambao hupimi, fungua waya wa mwili wa gari kabla ya kwenda kulala, mpaka mwizi akamatwe.