Mshahara au chuo? Mambo ya kujua kabla mtoto hajatia sahihi mkataba wa vikapu

Hapa Kwale tumezoea habari za vijana wanaoahidiwa kwenda nje kucheza kandanda. Siku hizi mpira wa kikapu nao umeingia. Kijana wa Ukunda au Msambweni akirefuka kupita wenzake kabla hajamaliza kidato cha nne, hakosi mtu wa kumwambia kwamba ziko ligi zitakazomlipa sasa hivi, asijisumbue na mambo ya chuo. Na hakosi mwingine wa kumwambia mzazi kinyume chake: mtoto asiguse hata senti, angoje ufadhili wa chuo kikuu cha Marekani.

Wote wawili wana ukweli nusu nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayowapoteza watu. Kanuni za mchezo huu zimebadilika sana tangu mwaka 2020, na ushauri uliokuwa sahihi miaka sita iliyopita huenda leo ukamharibia mtoto. Tuzieleze njia zenyewe kwa utaratibu, kisha mzazi apime.

Ligi za vijana zilitoka wapi

Chanzo ni kanuni moja ya NBA. Tangu makubaliano ya mwaka 2005, kijana hawezi kuingia kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa kila mwaka, mpaka awe anatimiza angalau miaka 19 mwaka huo. Mmarekani tena lazima awe amemaliza sekondari mwaka mmoja kabla. Kwa hivyo kati ya sekondari na NBA pakabaki pengo, na kwa miaka mingi waliolijaza ni vyuo vikuu. Chuo kilimpa mchezaji karo, malazi na chakula. Mshahara hakuupata, ingawa mashindano yenyewe yaliingiza mabilioni kwa haki za televisheni. Akipokea malipo ya kucheza, alihesabiwa si ridhaa tena na nafasi yake ya kucheza chuoni ikapotea.

Watu wakaona hapo pana dhuluma, na wengine wakaona pana biashara. Ligi ya Australia ilianzisha mpango wake wa kuchukua vijana wa namna hii mwaka 2018. Mwaka 2020 NBA yenyewe, kupitia ligi yake ndogo ya G League, ikaunda timu iliyoitwa Ignite kwa ajili ya vijana waliotaka kulipwa badala ya kwenda chuo. Mwaka 2021 ikazaliwa Overtime Elite mjini Atlanta. Hiyo ilichukua wavulana wa miaka 16 hadi 18 na kuwalipa si chini ya dola 100,000 kwa mwaka, karibu Sh13 milioni kwa viwango vya sasa, huku wakisomeshwa hapo hapo. Pacha wawili waliopita huko, Amen na Ausar Thompson, waliteuliwa nambari 4 na 5 katika drafti ya mwaka 2023.

Kwa hiyo anayesema njia ya kulipwa ipo hadanganyi. Tazama majirani zetu.

Wakongo watatu, nambari saba

Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Aliondoka kwao akiwa kijana mdogo, akacheza Yemen, kisha akaenda Hispania katika klabu ya Fuenlabrada. Chuo cha Marekani hakukiona. Mwaka 2011 aliteuliwa nambari 7. Lakini kulikuwa na jambo: klabu yake ya Hispania ilikuwa na mkataba naye, na mzozo wa fidia ya kuuvunja ulimchelewesha kujiunga na timu yake mpya ya Charlotte.

Emmanuel Mudiay alizaliwa Kinshasa na kufika Marekani na familia yake akiwa mtoto mkimbizi. Mwaka 2014 alikuwa tayari amekubali kujiunga na chuo kikuu cha Southern Methodist, akageuza nia na kwenda China katika klabu ya Guangdong. Mkataba wake uliripotiwa kuwa wa dola milioni 1.2. Huko akaumia kifundo cha mguu na kukosa sehemu kubwa ya msimu. Hata hivyo, mwaka 2015 aliteuliwa, naye pia nambari 7.

Jonathan Kuminga ni wa Goma. Alijiunga na Ignite mwaka 2020 akiwa na miaka 17. Mwaka uliofuata akateuliwa na Golden State Warriors, nambari 7 kwa mara nyingine, na mwaka 2022 alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa.

Watatu hao wote ni watoto wa Kongo, na wote walichukua mshahara wakaacha chuo. Lakini tusidanganyane. Drafti nzima huteua wachezaji wasiozidi 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Wapo waliovaa jezi ile ile ya Ignite pamoja na Kuminga wasiteuliwe na timu yoyote. Majina yao hatuyajui, na ndiyo maana hatuwatolei mifano.

Upepo umegeuka

Mwezi wa Julai mwaka 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao katika matangazo. Mwezi wa Juni mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha maafikiano makubwa zaidi: vyuo vyenyewe sasa vinaweza kuwagawia wachezaji wao fedha moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yote.

Matokeo yake? Kijana mwenye kipaji kikubwa anaweza kusoma na kulipwa kwa pamoja. Sababu ya Ignite kuwepo ikaisha, na timu ikafungwa baada ya msimu wa 2023/24. Ilidumu miaka minne tu. Mzazi wa Pwani alitie jambo hilo akilini: ligi hizi ni biashara, na biashara hufungwa. Chuo kikuu hakifungwi kirahisi hivyo.

Hata milango iliyokuwa ikifungwa kabisa imeanza kulegea. Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alipitia Ignite na kulipwa katika G League, kisha mwaka 2025 akaruhusiwa kujiunga na chuo kikuu cha Santa Clara. Zamani jambo hilo lisingewezekana. Ila ruhusa hizi hutolewa kwa kumtazama mchezaji mmoja mmoja, na hakuna mzazi wa kuzitegemea kama haki ya mtoto wake.

Pia kuna kizingiti ambacho mawakala hawakitaji. Mtoto wetu akienda Marekani huenda kwa visa ya mwanafunzi, na visa hiyo inabana kazi ya malipo. Mmarekani anaweza kupokea fedha za matangazo bila wasiwasi, lakini Mkenya aliye timu moja naye akipokea hizo hizo bila ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji anaweza kuharibikiwa na visa. Kwa hiyo usitajiwe mamilioni ya vyuo ukadhani yote ni ya kila mtu.

Njia ya katikati

Khaman Maluach ni kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, mtaa wa Kawempe, Kampala. Alichukuliwa na kituo cha NBA cha kulea vipaji kilichoko Senegal, akasoma na kufanya mazoezi huko. Kisha, kupitia mpango wa ligi ya Afrika, BAL, unaowapa wanafunzi wa kituo hicho nafasi katika vilabu, akacheza na watu wazima akiwa bado mtoto wa shule. Mojawapo ya timu zake ilikuwa City Oilers ya Kampala. Mwaka 2024 aliichezea Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, akaingia chuo kikuu cha Duke mwaka huo huo, na mwaka 2025 akateuliwa nambari 10, akaishia Phoenix Suns.

Angalia alivyofanya. Alipata mechi za watu wazima, na nafasi yake ya chuo ikabaki salama. Kabla yake, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikaa chuo kikuu cha Connecticut misimu mitatu na kuteuliwa nambari 2 mwaka 2009. Na BAL sasa haiko mbali nasi: mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kuicheza.

Kwa wasichana hesabu ni nyepesi zaidi. Ligi za kuwalipa wakiwa vigori ni chache, na WNBA humruhusu mchezaji wa nje kuteuliwa kuanzia mwaka anaotimiza miaka 20. Kwao njia ya masomo ndiyo iliyonyooka, na ushahidi tunao hapa hapa Kwale. Madina Okot alisoma Kaya Tiwi, shule ambayo wasichana wake wamewahi kutwaa ubingwa wa taifa wa vikapu. Kutoka Tiwi alikwenda chuo kikuu cha Zetech, kisha Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina, moja ya timu kubwa kabisa za wanawake katika vyuo vya Marekani.

Kabla ya kalamu

Akija mtu na karatasi nyumbani, iwe Diani, Lunga Lunga au Kinango, mzazi aulize haya.

Kwanza, umri. Shirikisho la dunia, FIBA, halikubali mchezaji ahamishwe kutoka nchi hadi nchi kabla ya kutimiza miaka 18, ila kwa idhini maalumu. Uhamisho pia unahitaji barua ya ruhusa kutoka shirikisho la taifa. Anayesema ataimaliza safari ya mtoto wa miaka 16 kwa wiki mbili bila kulihusisha shirikisho letu, mwambie kwaheri.

Pili, wakala. FIBA hutoa leseni kwa mawakala baada ya mtihani, na majina yao yanaweza kuangaliwa kwenye mtandao wake. Mwenye leseni hupata kamisheni yake kwenye mkataba mtoto akishapata kazi. Anayetaka mzazi auze mnazi au kiwanja ili “kufungua faili” anatafuta pesa za mzazi tu.

Tatu, masomo. Mkataba unasema nani atalipa shule, na mpaka lini? Overtime Elite yenyewe iliahidi fedha za chuo kwa wale ambao hawatafika mbali katika mchezo. Kama ligi yenye fedha nyingi iliona haja ya kuandika hilo, kwa nini klabu ndogo ya Ulaya isiandike?

Nne, maumivu na kuondoka. Goti likivunjika mwezi wa pili, mshahara unaendelea? Nani atalipa hospitali na tiketi ya kurudi Moi, Mombasa? Na akitaka kuondoka, fidia ni kiasi gani? Mkumbuke Biyombo.

Tano, cheti. Mtoto amalize KCSE kwanza. Asiyekuwa na cheti hicho amebaki na mlango mmoja tu, na mtu mwenye mlango mmoja hana nguvu ya kujadiliana bei.

Dini yetu imetuamrisha kuandikiana tunapokopeshana na kuweka mashahidi, sembuse anapokwenda mtoto mzima. Karatasi isomwe na wakili, si na rafiki wa shemeji. Ada ya wakili kwa siku moja ni ndogo kuliko nauli ya kumrudisha kijana aliyekwama ugenini.

Serikali ya kaunti nayo isikae pembeni. Basari tunazo, na hizo ni za karo. Kinachokosekana ni mtu mmoja katika idara ya michezo wa kumsaidia mzazi kusoma mikataba hii na kupiga simu kwa shirikisho kabla ya sahihi kuwekwa.

Msimamo wangu ni huu: pesa za mapema hazina ubaya, na hakuna sababu ya kijana maskini kuona haya kulipwa kwa jasho lake. Ila mkataba mwema ni ule ambao kijana akishindwa bado ana mahali pa kwenda. Ukiusoma mpaka mwisho na usipaone mahali hapo, usimruhusu mtoto aguse kalamu.